Maji Ng'ambo ya Korongo

Mama alinipigia simu nikiwa nimepiga magoti juu ya pikipiki ya magurudumu manne, nakaza mpira wa kufungia madumu ya maji.

"Uko wapi?"

"Kazini, Mama."

"Kazi gani? Harusi ya nani inafungwa Alhamisi asubuhi?"

Nilitazama huku na huku kama mwizi. Mbele yangu kulikuwa na mahema matano ya kijani, tangi la plastiki, na uwanda mkavu uliokwenda mpaka macho yakachoka. Bibi harusi hakuwepo.

"Si harusi. Ni kampuni ya barabara. Wanataka picha za mawe ya mipaka."

Mama alinyamaza. Mama yangu akifoka unaweza kuendelea kupika. Akinyamaza, zima jiko ukae chini.

"Kampuni ya barabara," alirudia taratibu. "Ile ile."

"Ile ile."

"Mwanangu, keshokutwa wageni wanakuja. Nimeazima viti kwa jirani. Mwenye duka la dawa anakuja na wajomba zake wawili, watu wazima na heshima zao. Na wewe uko porini unamfuata mtu ambaye wiki tatu hajakuuliza kama unapumua?"

"Sijamfuata mtu. Nimekuja kazini."

Nilidanganya, naye alijua. Kazi ile ingefanywa na mpigapicha yeyote. Niliiomba kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaijia alfajiri kwa gari la kukodi, ili nisimame mbele ya Mpima, mpimaji wao wa barabara, nimuulize swali moja tu: nimekukosea nini? Akishanijibu, nilijiambia, nitarudi nyumbani, nitaoga, nitavaa gauni la bluu na kuwapokea wageni.

"Rudi leo," Mama alisema. "Usinifanye nije huko."

"Mama, kuna watu wamekwama, hawana maji, na..."

Simu ilikuwa imekatwa.

Msimamizi wa kambi alikuwa amesimama kando, anajifanya hasikii. Ni mtu mnene, mpole, mwenye mgongo mbovu uliomfanya atembee kama aliyebeba sahani kichwani.

"Mama?" aliuliza.

"Mama."

"Pole." Akakohoa. "Dada yangu, sikulazimishi. Umekuja kupiga picha. Ningekuwa na mgongo wa binadamu ningepanda mwenyewe."

Akarudia yale aliyoniambia nilipofika. Juzi Mpima na msaidizi wake walizunguka korongo kwa gari, safari ya siku nzima, kwenda kupima kipande cha mwisho cha barabara. Jana gari lilivunjika ekseli. Redio yao iliita leo alfajiri, ikakwaruza maneno machache tu: maji yamebaki lita moja, msaidizi anatapika, hatambui mtu. Kisha ikafa. Gari la kambi lilikuwa mjini kufuata vipuri, na dereva wa pikipiki ile alikuwa amekwenda nalo. Kambini walibaki yeye, mpishi na muuguzi.

"Ukikata korongo ni kilomita ishirini na saba. Unaiweza kweli hii mashine?"

"Naiweza."

"Nani alikufundisha?"

Alikuwa anajua vizuri sana. Mwaka jana, wote pale kambini walitoka mahemani kutazama Mpima akinifundisha, mimi nikizunguka tangi na kupiga kelele, yeye akikimbia kando yangu na kofia mkononi. Nilikuwa nimekuja kwa kazi ya siku tatu. Nilikaa kumi na moja.

Muuguzi alinipa pakiti za chumvi na sukari ya kuchanganya kwenye maji, akanieleza mara mbili: kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, asimiminiwe. Nikavaa begi la kamera kifuani.

"Hilo liache," alisema Msimamizi.

"Ofisi yako inataka picha kesho. Na kamera yangu haikai mahali nisipokuwepo."

Ilikuwa kweli. Ile kamera nilikuwa nimeipata kwa miaka miwili ya harusi za watu, miaka miwili ya kusimama pembeni nikiwaambia maharusi watabasamu. Ndiyo ilikuwa mkono wangu wa kulia. Nikawasha mashine, nikabonyeza mafuta kwa kidole gumba, na kambi ikabaki nyuma ndani ya vumbi.

Saa ya kwanza haikuwa mbaya. Maji yana tabia yake: ukiyajaza mpaka kooni yanatulia, ukiyapunguza yanaanza kukuyumbisha. Madumu yangu mawili yalikuwa yamejaa pomoni, yamekaa kwenye kichanja nyuma ya mgongo wangu, nami nilikwenda nimesimama nusu, magoti yamelegea, kama nilivyofundishwa. "Usilitazame jiwe," Mpima alikuwa akinipigia kelele. "Ukilitazama utaligonga. Tazama unapotaka kupita!" Nilikuwa nikitazama ninapotaka kupita, lakini macho ya ndani yalitazama kwingine. Nilimwona akiwa amelala chali. Nilimwona amenyanyua mkono. Nilijilazimisha kukasirika, maana hasira ilinisaidia kushika usukani kuliko hofu. Wiki tatu! Hata ujumbe mmoja! Mtu gani huyu?

Nami nilijua Mama angesema mtu gani. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya mbali. Nilipokuwa na miaka tisa aliondoka na mzigo wa saruji, akatuma barua moja, kisha tukasikia ana nyumba nyingine, na watoto. Mama alikaa dirishani miezi minne. Siku alipotoka dirishani alianza kushona nguo za watu, na hakuacha mpaka mimi na kaka yangu tulipomaliza shule. "Mwanaume wa mahema," alisema siku nilipompeleka Mpima nyumbani, mara tu alipotoka mlangoni. "Leo hema liko hapa, kesho liko kule, na kila hema lina mwenyewe." Mwenye duka la dawa alifungua duka saa mbili na kulifunga saa kumi na mbili, na nyumba yake ilionekana kutoka dukani kwake. Kwa Mama, hayo yalikuwa mapenzi tosha.

Nikafika kwenye korongo.

Lilikuwa refu kwenda chini kuliko nilivyolikumbuka. Nilishuka kwa gia ya chini, breki zikilia, mawe madogo yakinitangulia. Chini kulikuwa na mchanga mweupe wa mto uliokufa. Nikavuka. Upande wa pili ulikuwa mkali, na ili kuupanda ilinipasa niinamie mbele mpaka kidevu kiguse usukani. Begi la kamera kifuani likanizuia. Nikalivua, nikalifunga kwenye kichanja cha mbele kwa ule mkanda wake, nikashusha pumzi, nikabonyeza mafuta.

Nilikuwa nimebakiza kama hatua sita kufika juu, ukingo ukameguka chini ya gurudumu la nyuma.

Mashine iliinama kushoto. Nikabana breki kwa mkono wa kushoto, nikatupa mguu chini, nikaizuia kwa paja na roho. Mpira wa kufungia ukafyatuka. Dumu la kwanza likaanguka, likagonga mwamba chini, na nikasikia maji yakitoka kwa mlio mmoja mkubwa, kama mtu aliyekata tamaa. Dumu la pili likaanza kuteleza. Wakati huo huo mkanda wa begi mbele yangu ukalegea, nalo likaanza kwenda.

Nilikuwa na mkono mmoja mtupu.

Nikisema nilifikiri nitakuwa nadanganya. Mkono ulikwenda nyuma wenyewe, ukashika mpini wa dumu. Kamera ikapita kando ya goti langu, ikadunda mara moja, mara mbili, ikatua kwenye mchanga.

Sijui nilikaa vile kwa muda gani, dumu likinivuta bega. Mwishowe nililipandisha mapajani, nikaisukuma ile mashine kidogo kidogo mpaka magurudumu yote manne yakakanyaga ardhi ya juu. Nililifunga dumu upya kwa mkanda wa suruali yangu. Kisha nikateremka kwa miguu kuichukua kamera. Lenzi ilikuwa imepasuka katikati. Nikaitia kwenye begi bila kuitazama tena, kama mtu anavyofunika uso wa maiti.

Nililiona gari lao kabla sijawaona wao. Lilikuwa limepiga magoti mbele, boneti wazi. Katika kivuli chake chembamba alikaa Mpima, shati amevua, kichwa cha msaidizi wake kikiwa mapajani mwake, anampepea kwa ramani.

Aliinua macho. Hakusimama. Alinitazama vile mtu anavyotazama kitu asichokiamini, akafumba macho, akayafumbua tena.

"Ni wewe kweli?" Sauti yake ilikuwa imekauka, haikuwa yake.

"Ni mimi. Kunywa."

"Yeye kwanza."

Msaidizi wake tulimwita Futi, kwa kazi yake na kwa urefu wake. Kwa kawaida Futi alikuwa akiongea hata akiwa usingizini. Sasa midomo yake ilikuwa myeupe na macho yamerudi ndani. Tulilowesha shati la Mpima tukamfunika kifua. Nilichanganya dawa ya muuguzi kwenye kikombe, nikaanza kumpa kijiko kwa kijiko. Cha kwanza kilitoka. Cha pili kikatoka. Cha tatu kikabaki. Mpima alinitazama mikono, na kila nilipoinua macho niliyakuta yake, mekundu, yamejaa maneno. Mimi nikageuza yangu.

Baada ya vikombe viwili Futi alikunja uso, akamtazama Mpima, akaniangalia mimi.

"Shemeji," alisema kwa shida. "Umekuja... na chumvi nyingi."

Mpima alicheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, akainamisha kichwa. Ndipo nilipomjazia kikombe, nikakibandika mdomoni mwake mwenyewe, kwa nguvu kidogo, kwa sababu nilikuwa na hasira naye. Alikunywa mpaka mwisho. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Damu kidogo ikabaki ukingoni mwa kikombe.

"Tangu lini hujanywa?"

"Jana mchana. Yeye alikuwa na hali mbaya zaidi."

"Sawa," nilisema. "Sasa una sauti. Nijibu. Wiki tatu, kwa nini?"

"Sasa hivi? Hapa?"

"Una miadi kwingine?"

Alitazama uwanda. Alikuwa na tabia hiyo, ya kupima mbali kabla ya kusema neno.

"Mama yako alinipigia."

Kijiko kikasimama njiani.

"Alisema nini?"

"Alisema umemkubali mwenye duka la dawa. Kwamba una furaha, ila unanionea huruma na hujui jinsi ya kuniambia. Akasema, kama ninakupenda kweli, nisikusumbue, nikuache upumue. Aliniomba nimpe neno langu, nikampa."

"Ukampa."

"Alikuwa analia. Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza!" Nilisimama, kijiko kikanitoka mkononi. "Ungeniuliza mimi! Wewe na mama yangu mmekaa kwenye simu mkanigawa kama kiwanja, huyu achukue huku, yule achukue kule, na mwenye kiwanja hajaitwa hata kuonyeshwa mipaka! Wiki tatu nimelala na simu kifuani. Nimejitazama kwenye kioo nikitafuta kilichoharibika. Kumbe wewe uko hapa, umetoa neno!"

"Niliamini."

"Kwa nini uliamini? Mimi ni mtu wa kukuonea huruma?"

"Niliamini kwa sababu ndicho nilichokuwa nikikiogopa." Alisema polepole, akinitazama usoni sasa bila kukwepa. "Yule ana duka. Ana nyumba ya matofali, ana saa za kurudi nyumbani. Mimi nina hema na viatu vilivyotoboka. Mama yako aliposema, sikusikia uongo. Nilisikia kile ninachojiambia kila usiku."

Upepo uliinua pembe ya ramani ukaishusha. Nilitaka kumpiga, nilitaka kukaa karibu naye, na vyote viwili vilinijia pamoja vikanigandisha mahali nilipokuwa.

Macho yake yakashuka kwenye begi. Lilikuwa wazi, na lenzi ilionekana, na ule ufa.

"Umevunja kamera."

"Kwenye korongo. Vilianguka pamoja, yenyewe na dumu."

"Na?"

"Na nilikuwa na mkono mmoja."

Alilitazama dumu, akaitazama kamera, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Niliwahi kuambiwa maneno matamu na wanaume wenye maneno mengi. Hakuna aliyewahi kunitazama vile.

"Nyinyi," Futi alinong'ona chini yetu, "mkimaliza kupendana... nataka kutapika."

Tulimgeuza ubavu. Akatapika, akaanza tena kupotea. Mpima alimshika mshipa wa shingo na uso ukambadilika.

"Huyu hawezi kungoja. Mpeleke sasa."

"Mpeleke wewe. Una nguvu za kumshika."

"Sina. Nikisimama dunia inazunguka. Nitamwangusha kwenye korongo." Alijaribu kunionyesha, akashika mlango wa gari asianguke. "Mfunge mgongoni mwako kwa shuka. Mimi nabaki."

"Na maji?"

Tulilitikisa dumu. Maji yalibaki machache kuliko tulivyodhani; tulikuwa tumemwagia Futi mengi. Yalikuwa kama lita tano. Nikachota chupa moja ya njiani, mengine nikayasukuma kivulini.

"Nitarudi leo," nilisema.

"Usirudi. Kuvuka lile korongo mara nne kwa siku moja ni wazimu. Kesho gari la kambi litakuwa limefika, litazunguka."

"Hiyo kesho litazunguka siku nzima. Utakuwa umekauka kama ramani."

"Nimesema usirudi!"

"Na mimi nimesema nitarudi. Safari hii hutompa mtu neno lako juu yangu. Utanipa mimi. Niambie utaendelea kunywa. Kila saa, hata kama huna kiu."

Alinikazia macho. "Nitakunywa."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Tulimpandisha Futi, tukamfunga kwangu kwa shuka mara tatu, kiunoni na kifuani. Mpima alipokaza fundo la mwisho, vidole vyake vilikaa begani mwangu kidogo zaidi ya ilivyohitajika kwa fundo. Sikugeuka. Ningegeuka, nisingeondoka.

Kuhusu kurudi sitasema mengi. Kichwa cha Futi kilinigonga mgongoni kila jiwe. Kwenye korongo nilikuwa nikizungumza naye kwa sauti kubwa, nikimuuliza majina ya watoto wake, na kila aliponyamaza nilimpiga kiwiko mpaka akaguna. Nilipoona mahema nilikuwa sina mate ya kupiga kelele. Muuguzi na mpishi walikuja mbio na machela. Dakika chache baadaye muuguzi alitoa kichwa nje ya hema akasema dripu imeingia, mgonjwa amemtukana. Nikakaa chini vumbini.

Viatu vya mtu vikasimama mbele yangu. Viatu vyeusi vya kutokea, vimekuwa vyeupe kwa vumbi. Ninavijua. Nilimnunulia mimi.

"Simama," Mama alisema.

Nyuma yake kulikuwa na teksi, na dereva wake anatazama kwingine kwa adabu. Mama alikuwa amevaa nguo ya heshima, mkoba kwapani, kama anayekwenda kumwona mwalimu mkuu. Nilisimama. Alinitazama suruali isiyo na mkanda, nywele zilizogandamana, kiwiko kilichochubuka nisijue ni lini. Niliona mkono wake ukiinuka, nikafikiri ni kofi. Ulishika kidevu changu, ukanigeuza uso kushoto, kisha kulia.

"Nimefika saa nzima sasa. Huyu bwana mnene ameniambia umepanda lidude gani na umekwenda wapi. Saa nzima nimekaa kwenye kiti chake natazama vumbi." Sauti yake ikakatika. "Nilishatazama vumbi maishani mwangu. Niliapa sitatazama tena."

"Ulimpigia Mpima, Mama."

Hakukana. Aliachia kidevu changu.

"Nilimpigia."

"Ulimwambia nina furaha."

"Nilimwambia nilichotaka kiwe kweli." Alikaza mkoba kwapani. "Nilitaka ulale usingizi usiku. Ni kosa?"

"Sijalala wiki tatu."

Mama alitazama chini. Msimamizi aliyekuwa anakuja na chai akageuza njia, akarudi nayo alikotoka.

"Yuko wapi sasa?" Mama aliuliza.

"Kule. Gari limevunjika. Pikipiki inabeba wawili, na Futi alikuwa anakufa."

"Yeye ni mzima?"

"Hapana. Hakunywa tangu jana, maji alimpa mwenzake. Hawezi hata kusimama."

"Kwa hiyo umemwacha."

"Alikataa kupanda. Alisema atabaki."

"Alisema mwenyewe? Hukumlazimisha?"

"Mwenyewe. Nikamwambia nitarudi, akanifokea nisirudi."

Mama aligeuza uso kuelekea uwanda. Kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kulitamka jina la baba yangu wala kumtaja, hata kwa ubaya.

"Baba yako," alisema, "angepanda yeye."

Turubai la hema lilipigapiga. Nilitaka kumshika mkono lakini sikujua kama angenipa.

"Umesema utarudi?" aliuliza bado anatazama mbali.

"Nimetoa neno, Mama. Hata ukinikataza."

"Nani anakukataza? Umekula?"

"Bado."

"Utakula ukiwa unafunga hayo maji." Akampa dereva wa teksi mkoba wake amshikie, akakunja mikono ya nguo yake ya heshima, akachukua dumu tupu la kambi, akaenda nalo kwenye tangi. Alilijaza mpaka kooni. Alipolileta lilikuwa limemlowesha mpaka magotini, na hakutaka kusaidiwa. "Kaza huku," alisema, akikaza mwenyewe. "Huku kunacheza. Ndivyo ulivyofunga asubuhi? Ndiyo maana umerudi umechubuka."

"Na wageni wa Jumamosi?"

"Wale nitawaambia mimi. Ni aibu yangu, sio yako." Akavuta mpira kwa nguvu zote za mtu aliyeshona miaka kumi. "Lakini usifikiri nimemkubali huyo wako. Bado. Ana maswali ya kunijibu, uso kwa uso, sio kwenye simu. Nami pia nina neno la kumwambia." Alisita. "Nilimdanganya mtoto wa mwenzangu. Sio vizuri."

Alinipa mkate, akanisukuma kidogo mgongoni, kama alivyonisukuma siku ya kwanza ya shule.

Korongo nililivuka bila kuangusha kitu. Jua lilikuwa limeanza kupoa nilipoliona gari lililopiga magoti, na mbele yake Mpima amesimama, amejishikilia kwenye kioo cha pembeni, mkono mmoja juu ya macho. Nilizima mashine. Alitembea hatua nne kuelekea kwangu. Hatua ya tano nilimdaka mimi, na tukakaa hivyo, uso wake shingoni mwangu, vumbi lake na langu likiwa moja.

"Nilikunywa," alisema. "Kila saa."

"Najua. Panda."

"Ulivuka mara tatu. Wewe ni mwendawazimu."

"Ya nne tunavuka wote. Panda, Mama anasubiri."

Akainua uso kutoka shingoni mwangu.

"Mama nani?"

"Mama yangu. Yuko kambini. Ndiye aliyejaza hili dumu."

Mtu aliyekaa na kiu siku nzima bila kutikisika akaanza kutafuta shati lake kwa macho.

"Amekuja na nani?"

"Na maswali."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akageuka, akaliokota shati lake lililokauka juu ya boneti, akalivaa. Vidole vilimsumbua kwenye vifungo, nikamfungia mimi, kimoja kimoja, kutoka chini mpaka juu. Akachomekea. Akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili, na vumbi likahama tu kutoka shavu moja kwenda jingine.

"Nikoje?" aliuliza.

"Unatisha."

"Atanikataa?"

Nilipanda, nikawasha mashine. Alikaa nyuma yangu, akanizungushia mikono kiunoni, akaegemeza paji la uso mgongoni mwangu, na moyo wake nikausikia ukinipiga kupitia shati.

"Sijui," nilimwambia, na ilikuwa kweli. "Twende tukamsikie."